Fungate na Mama Mkwe

Tetekuwanga ni ugonjwa wa watoto, lakini mume wa Fundi aliupata akiwa tayari na kitambi na mvi za kutosha, wiki ile ile aliyokuwa apande meli ya starehe na mkewe. Kampuni ya matairi aliyoifanyia kazi ilikuwa imempa zawadi ya muuzaji bora: safari ya watu wawili, siku nne baharini. Watoto waliugua kwanza, wakajikuna siku chache, wakarudi kwenye mpira wao. Yeye ulimwangusha kama gunia. Akalala amepakwa dawa nyeupe mwili mzima, akazungumza na watu kupitia mlango uliofunguliwa nusu, na alipoambiwa na wenye meli kwamba jina kwenye tiketi linaweza kubadilishwa lakini tarehe haibadilishwi, alimwambia mkewe aende na mama.

Fundi, ambaye jina hilo lilitokana na cherehani yake na sasa hata majirani hawakujua lingine, alidhani homa imempanda mumewe kichwani. Mama mkwe huyo waliishi naye nyumba moja tangu ndoa ilipofungwa, na miaka yote hiyo walikuwa kama visu viwili ndani ya droo moja: havikatani, lakini kila droo ikivutwa vinagongana. Kabla ya kustaafu mama alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi. Watu walimwita Sista, na kustaafu hakukumwachisha kuamrisha. Alipanga vijiko, alipanga wajukuu, alipanga hata jinsi Fundi anavyokamua kitambaa cha kupigia deki. Fundi kwa kawaida alimeza, akaenda kushona.

Lakini tiketi ni tiketi. Wakafunga mizigo.

Jirani mmoja aliyewahi kusafiri aliwaonya kwamba ndani ya meli zile hata chafya inaandikwa kwenye hesabu. Sista alilichukua neno hilo kama agizo la daktari. Mkoba wake ulijaa biskuti, chupa ya chai, sabuni, na shuka lake mwenyewe, kwa sababu nani ajuaye kama kulalia la kwao ni bure.

Walipofungua mlango wa chumba chao walikuta kitanda kimoja kikubwa kimemwagiwa maua mekundu. Katikati ya maua palikaa ndege wawili waliokunjwa kwa taulo, shingo zao zimepinda, midomo imegusana. Kadi kando yao ilisema, "Karibuni, wapenzi." Jina kwenye tiketi lilikuwa limebadilishwa, ila kifurushi cha maharusi hakuna aliyekikumbuka.

Sista alivaa miwani, akawachunguza wale ndege.

"Hawa wanapigana?"

"Wanabusiana, mama," Fundi alisema, akitazama sakafu.

Sista akavua miwani.

Siku hiyo hawakugusa kitu. Sista alikataa kiti cha kando ya bwawa, akakataa sharubati iliyopitishwa mbele ya pua yake kwenye sinia, akakataa lifti, akapanda ngazi kwa miguu huku amemshika mkwewe mkono asije akashawishika. Jioni harufu ya nyama choma ilipita chini ya mlango kama mgeni anayebisha hodi, nao wakakaa kwenye ncha mbili za kitanda wakitafuna biskuti kimya kimya. Usiku Sista alijifunga shuka lake kama kifurushi cha posta, akaweka mto katikati, akageukia ukutani. Fundi alilala kwenye ukingo kabisa, na kila meli ilipoyumba alimwomba Mungu asije akamwangukia mama wa mumewe.

Asubuhi alikuja mhudumu wa chumba, mama wa makamo mwenye tabasamu la pole. Aliona makaratasi ya biskuti kwenye ndoo ya taka, akawauliza kwa adabu kama walikuwa wamefunga, maana watu wa jikoni waliulizia chumba chao. Sista alimjibu kwamba hawakufunga, wanajihadhari tu. Ndipo yule mama akawaeleza, polepole kama anayetoa habari ya msiba, kwamba chakula, viti, bwawa na muziki vyote vimo ndani ya tiketi.

"Chakula chote?" Sista aliuliza.

"Chote, mama."

"Na kile cha jana?"

"Cha jana ndiyo kimeshapita."

Sista alikaa kitandani akashika tama kwa muda. Halafu akainuka, akavaa viatu.

Alikula vifungua kinywa vitatu. Cha kwanza alikila kwa njaa, cha pili kwa ajili ya jana, na cha tatu, alimweleza Fundi huku akipaka siagi, kwa ajili ya mwanawe aliye kitandani. Kutoka hapo hakuzuilika. Alijaribu kila kiti kando ya bwawa mpaka akapata kinachomfaa. Aliitikia kila sinia iliyopita. Kisha akaliona bomba la kuteleza, jekundu, limejipinda kama utumbo kutoka sitaha ya juu hadi majini, na watu wazima na akili zao wakitokea mwisho wake wakipiga kelele.

"Nataka lile," alisema.

Hakuwa na nguo ya kuogelea, wala katika maisha yake hakuwahi kuhitaji. Lakini Fundi hatoki nyumbani bila sindano. Walirudi chumbani, gauni moja la Sista likawekwa kitandani mahali pa maua, na kabla ya saa sita lilikuwa limekatwa, limebanwa magotini, limetiwa mikono, la heshima kuliko hata sare ya wodini. Sista alijigeuza mbele ya kioo. Mkono wake ulipita kwenye mshono wa begani, ukatafuta kosa kama kawaida yake, ukarudi mtupu.

Waliteleza pamoja, Sista mbele na Fundi nyuma, kwa sababu Sista alisema haendi kufa peke yake. Gizani ndani ya bomba kulisikika sauti moja nene ikimwamuru mtu asukume, asukume, asiache, kama alivyowaamuru akina mama kwa miaka thelathini, na hapo hapo Fundi akaanza kucheka. Walitumbukia majini miguu juu. Sista alipoibuka, kilemba kimemfunika jicho moja, naye alikuwa anacheka, kicheko cha msichana ambacho Fundi hakuwahi kukisikia katika nyumba ile. Wakapanda tena. Walipanda mpaka msimamizi wa bomba akawazoea, akawa anawafungulia kamba kabla hawajafika.

Wakati wote huo mpiga picha wa meli aliwafuata kama inzi na kidonda. Aliwapiga wakila, wakiteleza, wakiegemea reli, Sista ameshika usukani wa mapambo. Sista alimwona kijana mkarimu sana. Kila alipotokea aliweka kiuno, akanyanyua kidevu.

Jioni palikuwa na shindano katika ukumbi mkubwa. Mshereheshaji mwenye koti la kumetameta aliita vyumba vya maharusi jukwaani, wapenzi waje waoneshe nani anamjua mwenzake zaidi. Alitaja chumba chao. Fundi alitaka kuzama chini ya meza, lakini Sista alisikia neno "zawadi" tu, na alikuwa ameshafika jukwaani. Fundi akapiga moyo konde akamfuata.

Mshereheshaji aliwatazama, akatazama karatasi yake, akawatazama tena. Sista akamwondolea shida. Alishika kipaza sauti akaueleza ukumbi kwamba huyu ni mkwewe, bwana mwenyewe ana tetekuwanga, na waendelee. Ukumbi ulipiga makofi hadi glasi zikalia.

Walikuwa jozi tatu: wao, maharusi wabichi waliooana juzi, na mzee na bibi yake waliooana tangu enzi za redio za mbao. Waliketishwa wamepeana migongo, kila mmoja na ubao na kalamu. Swali likiulizwa juu ya mmoja, wote wawili wanaandika, na majibu yakifanana wanapata alama.

Swali la kwanza lilikuwa, mwenzako hawezi kulala kabla ya kufanya nini? Bwana harusi aliandika "kunibusu," bibi harusi akaandika "kupaka mafuta ya miguu," na hapo fungate yao ikaanza kuingia baridi. Fundi aliandika kwamba Sista hutikisa kitasa cha mlango hata kama amemwona mtu akiufunga. Sista aliinua wake: "Kuhakikisha kitasa."

Likaja la pili, mwenzako akikasirika utajuaje? Mzee aliandika kwamba mkewe hakasiriki. Mkewe alimtazama, ukumbi mzima ukajua kuwa sasa amekasirika. Fundi naye aliandika kwa herufi ndogo, kwa aibu, siri aliyodhani ni yake peke yake. Sista aligeuza ubao wake bila kusita: "Hukanyaga cherehani tupu, bila kitambaa, mbio mbio. Nikisikia hivyo najua ni mimi."

Fundi aligeuka kwenye kiti, ingawa kugeuka kulikatazwa. Miaka yote alidhani mlango wa chumba cha kushonea ni mnene.

Wakaendelea hivyo. Kijiko gani mwenzako hataki kiguswe, upande gani wa kiti anapenda, anasema uongo gani mgeni akija bila taarifa. Kila kero waliyowahi kuinyamazia ilitoka hapo kama sarafu kutoka kwenye kibubu, na kila moja ilipigiwa makofi. Bibi harusi aliacha hata kuandika, akawa anawatazama wao.

Swali la mwisho mshereheshaji alilisoma kwa sauti ya chini, kwa kuwa lilitungwa kwa wapenzi wa kweli: ni siku gani ulimpenda mwenzako kwa mara ya kwanza?

Fundi aliishika kalamu muda mrefu. Mwishowe aliandika: "Siku nilipojifungua mtoto wa kwanza. Alimfukuza kila mtu wodini, hata mwanawe, akakaa na mimi."

Sista alikuwa amemaliza zamani. Ubao wake ulisema: "Siku aliponijibu."

Mshereheshaji alisema majibu hayafanani. Halafu, kama binadamu mwingine yeyote, akataka kujua alijibiwa nini. Sista alisimama. Ilikuwa siku ya posa ya binti wa ndugu yao, alisema, nyumba imejaa wageni, naye akaupindua upindo wa gauni la binti, lililoshonwa na mkwewe, mbele ya watu wote kuonesha ulivyokaa vibaya. Na huyu mkwewe, ambaye mpaka siku ile alikuwa akisema ndiyo mama, ndiyo mama, aliinua kichwa akamwambia: "Mama, wewe ulizalisha. Mimi nashona."

"Sikuongea naye juma zima," Sista alimalizia. "Lakini moyoni nilisema, alhamdu, mwanangu ameoa mtu."

Fundi alicheka na machozi yakamtoka, hakujua kipi kilitangulia. Alama ile waliikosa, na bado walishinda kwa mbali. Wakavishwa mikanda myekundu ya hariri iliyoandikwa WAPENZI WA SAFARI, na kama desturi ya meli ile washindi walitakiwa kufungua dansi. Sista ndiye aliyeongoza. Alimzungusha mkwewe kama anavyogeuza mgonjwa, kwa mikono yenye uhakika, na baada ya wimbo wa pili ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Mto wa katikati ya kitanda usiku huo ulianguka chini, na hakuna aliyeinama kuuokota.

Siku iliyofuata kila kona waliitwa Wapenzi. Wakipita ngazini, Wapenzi. Jikoni, Wapenzi mnakula nini? Sista aliitikia kwa kuinua mkono kama anayegombea kiti.

Alasiri ya mwisho ndipo walipoukuta ukuta wa picha. Ulikuwa mrefu kama korido, na pande zote walikuwa wao: Sista na siagi, Sista na kilemba jichoni, Sista na usukani. Chini ya kila picha palibandikwa bei. Yule kijana mkarimu alikuwa kazini kumbe.

Sista alisoma bei moja, akasogea kusoma nyingine akidhani ya kwanza wamekosea. Kisha akauliza kama kutazama nako kunalipiwa. Akaambiwa hapana. Basi akavuta kiti, akakaa mbele ya ukuta, na kwa saa nzima aliwaita wapita njia waje waone, akiwaeleza kila picha ilipigwa wapi na alikuwa anakula nini. Mwishowe alinunua moja, kwa fedha yake mwenyewe, akimkatalia Fundi asifungue pochi. Haikuwa zile alizoweka kiuno. Ilikuwa ya dansi, imetikisika kidogo, kinywa cha Fundi kimeachama mpaka magego yanaonekana.

"Nimetoka vibaya, mama."

"Umetoka ulivyo."

Asubuhi ya kushuka, karatasi ya hesabu ilipenyezwa chini ya mlango. Ilionekana kwamba jokofu dogo la chumbani halikuwamo ndani ya tiketi. Sista alikuwa amelimaliza siku ile ile aliyoambiwa vyote ni bure, kopo kwa kopo, hadi chokoleti za mlangoni. Fundi alisoma bei ya korosho, akaketi. Sista akachukua karatasi, akaisoma yote kwa makini.

"Kwa bei hii," alisema, "zile korosho zilipaswa kuwa zimesoma mpaka chuo kikuu."

Wakacheka mpaka mhudumu wa chumba akagonga mlango kuuliza kama kuna mgonjwa. Walilipa nusu kwa nusu, na walipokuwa wanashuka ngazi ya meli, mikanda myekundu vifuani, watu walikuwa wakiwaaga kwa kupunga mikono kutoka sitaha tatu.

Mume wa Fundi aliwangoja kando ya gari, madoa yamekauka, amenyoa kwa heshima ya siku hiyo. Tangu waondoke alikuwa akijiandaa kwa usuluhishi. Alikuwa ameshapanga hata maneno: mama ni mama, mke ni mke. Alifungua mlango wa mbele kwa ajili ya mama yake, kama ilivyokuwa siku zote, na wa nyuma kwa ajili ya mkewe.

Sista alimbusu kwenye paji la uso, akamwambia amepungua, akaingia nyuma. Fundi akaingia nyuma upande wa pili. Milango ikafungwa. Yeye akabaki ameshika ule wa mbele, akikitazama kiti kitupu.

Aliwasha gari, akauliza safari ilikuwaje. Akatazama kwenye kioo, akawaona wamebanana mabega, wamefunika midomo kwa mikono, na kabla hajauliza tena, mmoja wao, hakujua yupi, alisema kwa sauti nyembamba, "Korosho," wakaangukiana.

Alisubiri watulie. Hawakutulia. Mwishowe akaingiza gia, akaendesha taratibu kuelekea nyumbani kama dereva wa kukodi, na kila alipokata kona vicheko viwili viliegemea upande mmoja, kisha vikarudi.