Kitabu cha Saba cha Melkior

Vitabu vya Doria ya Zohali kwenye rafu ya marehemu Melkior vilikuwa kumi na viwili. Sasa vilikuwa kumi na kimoja, na mjane wake, Zita, hakuwa na shaka kwamba mwizi ni shemeji yake Wilson. Nani mwingine? Siku ya mazishi ni yeye aliyejifungia mle chumbani mwenye rafu, eti anamvalisha kaka yake suti.

Doria ya Zohali ya kwenye televisheni kila mtu Old Moshi aliijua, miaka thelathini ya roketi na makelele. Vitabu vyake hawakuvitaka hata kwa kufungia maandazi. Watalii aliowapandisha mlimani ndio waliomwachia Melkior, kimoja kimoja, naye akashikilia kwamba utamu wote umo humo. Kwenye televisheni mpishi wa chombo anasema maneno mawili, anakufa. Kitabuni ana mama mgonjwa, ana wivu, anaota kurudi kwao. Pembeni mwa kurasa Melkior alimwandikia mkewe kwa penseli: "Zita, huyu angewapikia mtori wasingepigana."

Mume akiwa hai, Zita hakuvifungua. Alimcheka, Mungu amsamehe. Sasa kila akimaliza kukamua ng'ombe alisoma sura moja, kwa Kiingereza chake cha kuombea maji, ili amsikie tena mumewe. Akamaliza cha sita, akanyoosha mkono, cha saba hakuna.

Tangu hapo kila alichofanya Wilson kilimtia shaka. Alipovaa gambuti mpya, Zita akajua zilikotoka. Alipoleta majani ya ng'ombe bila kuombwa, akasema moyoni, kikulacho ki nguoni mwako. Akashuka mjini, akawapekua wauza vitabu vya mitumba mpaka mmoja akamuuliza kama ametumwa na polisi. Mwisho, mbele ya watu waliotoka misa, akamwambia Wilson, katekista mzima, arudishe mali ya marehemu. Wilson akainamisha kichwa, akaenda zake.

Jumamosi asubuhi akaja, ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Zita akazidi kuchukia. Anayeletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe, na mjanja huyu alikuwa amemfunga kwa mila. Akalipokea kwa kulinyakua.

"Nimesamehe. Sasa sema, ulimuuzia nani?"

"Sijauza, shemeji. Nilimwekea kwenye jeneza, chini ya koti."

Zita akakaa kwenye kigoda.

"Kule hospitali alikuwa katikati ya kitabu," Wilson akasema. "Aliniambia, nikipata nafuu nitajua kama mpishi alifika kwao. Nikaona asiende hajamaliza. Padri akisikia katekista amezika maiti na vitu, ningejieleza vipi? Na wewe ulikuwa unavicheka. Sikujua utavitaka."

Hilo lilimchoma kuliko wizi, kwa sababu lilikuwa kweli. Akalitazama kaburi pale kwenye migomba, hatua ishirini tu, na maneno aliyoandikiwa yako humo chini. Isale lilikuwa mkononi mwake. Hasira hakuwa na pa kuipeleka.

"Alikuwa amefika ukurasa wa ngapi?"

"Mia moja arobaini na mbili. Nilikunja pembe."

"Na miwani yake, ulimwekea?"

Wilson akatikisa kichwa. Kisha wote wawili wakaangua kilio, kwa sauti, kama siku ya msiba wenyewe.