Karoti za Tuta la Kushoto

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Lakini siku niliyomvunja mkono fundi cherehani, niliapa mbele ya watu kwamba haki ilikuwa yangu.

Kipande chenyewe kilikuwa hatua kumi kwa sita, kwenye bustani za mtaa nyuma ya matangi ya maji. Nilikisubiri miaka minne. Masharti yalikuwa mawili: kikikutwa kitupu siku ya ukaguzi, anapewa mwingine, na ukianzisha ugomvi bustanini, unafutwa. Muda wa kulima ndio sikuwa nao. Nafanya kazi bekari, kwenye tanuri, siku sita kwa wiki, sina hata nafasi ya kujikuna. Nilichoweza kuiba ni nusu saa ya alfajiri kabla ya zamu. Mume wangu, mlinzi wa ghala, alipitia pale jioni akienda kazini, na kazi yake ilikuwa kumwagilia tu. Nyumbani tulipishana mlangoni, mmoja anavua viatu, mwingine anavaa.

Nilipanda karoti tuta la kushoto. Zikaota, nikazichungulia kwa furaha ya kijinga. Siku chache baadaye nikakuta tuta jeupe, hakuna hata jani. Nikapanda tena, zikaota, zikang'olewa tena.

Jirani yangu wa kipande alikuwa huyo fundi cherehani, mtu wa miaka tisa pale, nyanya zake nzito mpaka zinalemea fito. Siku ya kwanza tu aliniambia, "Ukishindwa, dada, nistue. Nitakichukua mimi." Sasa wewe ungemshuku nani?

Mara ya tatu karoti ziling'olewa siku tano kabla ya ukaguzi. Nilimkuta fundi ameinama mpakani, anafunga nyanya zake kwa kamba.

"Karoti zangu ziko wapi?"

"Unaniuliza mimi? Mimi mlinzi wako?" Akacheka. "Dada, kulima si kukaanga mayai. Kwa hiyo nusu saa yako, hata panzi hashibi."

Jembe lilikuwa mkononi. Nililigeuza, nikampiga kwa mpini. Pigo la kwanza lilimpata begani, la pili mbavuni. Akaangukia nyanya zake, fito zikavunjika chini yake. Angeomba radhi labda ningeacha, lakini alinitukania mama. Pigo la tatu alilikinga kwa mkono wa kulia, nikausikia mfupa ukikatika. Bado sikuacha. Nilimpiga mateke ya mgongo, nikazikanyaga nyanya, nikamjaza udongo mdomoni. Nilisikia raha. Naionea aibu mpaka leo, lakini ilikuwa raha.

Msimamizi wa bustani ndiye aliyenivuta kwa ukosi wa gauni. Nikamwambia nimemfumania fundi aking'oa karoti zangu, na nilipomuuliza akanivamia. Fundi alikuwa anatapika kwa maumivu, hakuweza kujitetea. Jina lake likafutwa palepale.

Jioni nilimkuta mume wangu anafunga viatu. Nikamsimulia yote kwa majigambo. Nilipofika kwenye karoti, uso ukamshuka.

"Yale majani membamba membamba? Tuta la kushoto?"

"Hayohayo."

Akaketi. "Mke wangu, ni mimi. Nilidhani magugu. Nilikuona unavyochoka, nikasema nikupunguzie kazi. Nimepalilia mara tatu."

Mtu mwenyewe amekulia vyumba vya kupanga, karoti anaijua ikiwa sokoni. Nilimrushia kiatu, kikampasua mdomo. Nikamtwanga ngumi za kifua mpaka nguvu zikaniishia, naye kaketi tu, damu inamchuruzika kidevuni.

"Twende tukamwambie," akasema.

"Watatunyang'anya kipande!"

"Twende."

Fundi alikuwa kwenye benchi la zahanati, plasta imemfika kiwikoni, mkewe pembeni yake. Nilisema yote bila kujitetea. Akainuka, akanizaba kibao kwa mkono wa kushoto. Akanizaba cha pili, masikio yakavuma. Mume wangu alipiga hatua, nikamzuia.

"Mkono huu ndio unaoshika mkasi," fundi akasema, akininyooshea ile plasta.

Siku hiyohiyo tulimpitia msimamizi. Alirudisha jina la fundi, akafuta langu. Kipande changu alipewa mwalimu mstaafu, mtu mwenye siku nzima mkononi.

Tangu hapo, alfajiri zangu zote naingia kwenye nyanya za fundi. Nachota maji, napalilia, nasimika fito mpya. Huja akakaa kando bila kunisalimia, nami sidai salamu.

Juzi plasta ilitolewa. Leo amekuja, akachukua kamba afunge tawi moja la mnyanya. Vidole viwili vilikataa kukunjika, kamba ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Mara ya nne nilishindwa kuvumilia, nikamsogelea.

"Usiniguse," akasema.

Akainama kuiokota.