Miguu ya Kushoto

Wa kushoto. Na huu pia wa kushoto. Dada alikuwa anavitupa vipande mezani kimoja baada ya kingine, suruali za sare za shule nzima, na vyote vilikuwa vya mguu wa kushoto. Nilikuwa nimesahau kuigeuza karatasi ya kukatia, ile tunayoilaza juu ya kitambaa, na mkasi ukaendelea kutafuna.

"Hao watoto wana miguu ya kushoto mitupu?" aliniuliza mbele ya mafundi wote wa duka lake la ushonaji. "Umelewa, au umeamua kunifilisi?"

Mimi ndiye niliyekuwa nikishika vipimo vya wateja kichwani, kiuno mpaka kisigino, bila kuandika. Miezi ile nilikuwa nikimpima mtu, nikigeukia kitambaa, namba imeyeyuka. Nilikuwa nikisoma kibao cha duka la jirani na kurudia, nisijue wanauza nini. Wazo moja tu ndilo lililokaa kichwani bila kupotea: nife, nipumzike. Hilo sikulisahau hata nilipolisahau jina la mteja aliyesimama mbele yangu.

Dada akanipeleka hospitali, si kutibiwa bali kukaripiwa. Hatukuwa hata tumeketi.

"Daktari, huyu mdogo wangu amekuwa mvivu. Hebu mwambie wewe, mimi mdomo umechoka."

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, aliniomba nitaje miezi kinyumenyume. Desemba, Novemba, Oktoba. Nikakwama.

"Septemba!" dada alininong'oneza, huku akinipiga teke chini ya kiti.

Kisha nikapewa maneno matatu niyashike. Niliposhindwa kuyarudisha, dada aliyataja yote, tena kwa mpangilio, akajiweka sawa kitini kama mtu aliyefaulu mtihani. Nilitamani kumziba mdomo kwa kiganja.

Daktari akaweka kalamu chini. "Kaka, kuna wakati unafikiria kujiua?"

"Hapana," dada alijibu. "Kwetu hatuna mambo hayo."

"Namuuliza yeye, mama."

Nilimchukia dada yangu wakati ule kwa nguvu ambazo sikujua kama bado ninazo. Hasira ndiyo iliyonipa maneno, mimi niliyekuwa nikishindwa kumaliza sentensi.

"Kila siku," nilisema. "Hata jana, dada, ulipokuwa unanitukana mbele ya watu, nilikuwa nawaza hilo hilo."

Safari hii hakuwa na la kuninong'oneza. Daktari alizungumza nami kwa muda mrefu, akaniandikia dawa, akasema nisiachwe peke yangu na nirudi kila wiki. Dada alikuwa akiitikia kwa kichwa tu.

Barabarani ndipo alipolipuka. "Unataka kunizika, au unataka nikuzike? Shetani mkubwa wewe! Mimi naulizia suruali, wewe unawaza kaburi, na unanyamaza!"

"Ungenisikiliza?"

"Nyamaza!" Alikuwa analia na hataki nimwone. "Kesho uje kazini. Mkasi hutaugusa. Utakaa tu."

"Nikae nifanye nini?"

"Ukae nikuone."

Nilikwenda. Alinikazia macho kutwa nzima kama mtu anayemlinda mwizi, na kila nilipoinuka, naye aliinuka.