Samaki wa Mkwe

Mjukuu wa Pansina alishatimiza mwaka na ushee, na bado shingo yake ilikuwa haishiki kichwa. Sasa mama wa mtoto, bintiye Kulina, alikuwa na mimba nyingine. Basi Pansina alipomwona mkwewe Tukanu akipanda kutoka mtoni na aimara begani, lile samaki lenye meno linalokula wenzake, alimkingia njia.

"Leo utashiba, mama!" Tukanu akacheka. "Si ulisema vile visamaki vyangu ni vya kuchezea watoto?"

Ni kweli Pansina alisema hivyo, tena mbele za watu, kijiji kizima kikacheka. Mkwe anayekaa ukweni hupimwa kwa samaki. Tangu hapo kijana wa watu akawa anashuka na mto mpaka kuyapita machimbo ya dhahabu kutafuta makubwa, na kichwa chenye mafuta akipewa Kulina, tangu mimba ya kwanza. Nesi anayekuja kwa boti alishawaambia: zebaki ya wachimbaji inaingia kwa samaki wadogo, mkubwa anawala, sumu inajazana kwake, mama akimla inamfikia mtoto tumboni. Wakasema huyo wa mjini anaogopa miiba. Nyie wenye mabinti, msicheke hivyo.

"Mrudishe mtoni," Pansina akasema.

"Mama, umeota nini?"

"Simtaki. Na kesho usilete mwingine."

Kulina akatoka jikoni mbio. "Mama! Unamfukuza mume wangu?"

Kwao, mama mkwe akikataa samaki amemkataa aliyemvua.

"Simfukuzi yeye. Namkataa samaki."

"Si ndiyo hayo hayo! Nina njaa mimi. Tangu jana mkate wa muhogo na pilipili, mkate na pilipili!"

"Vidogo havipatikani, mama," Tukanu akasema, kicheko kimemwisha. "Maji ni tope tupu. Nikuletee nini, mawe?"

 Pansina alimvuta aimara begani kwa mkwewe, akamburuta mpaka ukingoni, akamsukumia majini.

 Tukanu aliingia ndani akafungua machela yake ya kulalia, kamba ya kichwani, kisha ya miguuni. Kulina akamng'ang'ania mkono, mumewe akajitoa polepole. Punde injini ya mtumbwi ikanguruma.

"Haya, mama," Kulina akasema, amekaa chini mavumbini. "Nani atatuvulia sasa?"

Pansina akamega mkate, akauchovya kwenye mchuzi wa pilipili, akampelekea mdomoni. Kulina akageuza uso.

"Kula, mwanangu. Kula, nakuomba."

Mdomo haukufunguka.