Kabati Lisilo na Tundu

Siku ya sita ya jaribio, saa nane na nusu mchana, wifi yangu aligonga kioo cha chumba cha mashine akaniinulia vidole: saba, kisha sita. Joto la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, lilikuwa nyuzi sabini na sita.

Mimi nilikuwa koridoni, kwa sababu kuingia nilikatazwa. Sharti la meneja lilikuwa fupi. Mashine ikifanya kazi siku saba bila kusimama na bila mimi kuigusa, atasaini barua yangu ya uhamisho. Ikisimama, nabaki. Chuo cha ufundi cha kampuni yetu kilikuwa kimenipa nafasi ya kufundisha, na kingeningoja hadi tarehe mosi. Zilibaki siku nne.

Katika chumba hicho nimefanya kazi miaka tisa. Ni mita tatu kwa nne, hakina dirisha la nje. Humo imo kompyuta inayoongoza mashine ya kukatia vitambaa vya kiwanda kizima. Ina umri wa miaka kumi na tisa, na programu yake haikubali kompyuta nyingine. Prosesa za siku hizi zikipata joto hupunguza kasi, na likizidi hujizima. Ya kwetu ni ya zamani, haijui kujiokoa. Itaendelea na kazi mpaka iungue. Mtengenezaji aliweka kikomo cha nyuzi themanini na tano. Feni ikiwa safi na dawa ya kupitishia joto ikiwa mpya, huwa haivuki hamsini na nane hata kazi ikiwa nzito. Nimeishikilia hapo kwa brashi, feni na tone la dawa kila miezi sita. Hakuna siri zaidi ya hiyo, lakini meneja anaamini nina mkono wa pekee.

"Wewe na hiyo mashine ni chanda na pete," hupenda kuniambia.

"Pete ikibana, bosi, chanda huvimba."

Hucheka, kisha huiweka barua yangu chini ya faili nyingine.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alikuwa mshonaji katika kiwanda hichohicho. Nilimfundisha miezi mitatu ili achukue nafasi yangu. Alielewa haraka, mdomo wake ukiwa haupumziki. "Wifi, hiki kizee kinataka kupepewa kuliko bwana harusi," alisema siku ya kwanza, akapiga brashi feni kwa uangalifu ambao sijauona kwa wanaume wenye vyeti.

Kwa siku tano joto halikuvuka hamsini na tisa. Asubuhi ya siku ya sita meneja alileta kabati la mbao lenye mlango wa kioo, akaifungia kompyuta humo, skrini na kibodi zikabaki mezani. Nia yake ilikuwa kunizuia nisiiguse kwa siri. Seremala alimuuliza kama atoboe mahali pa kupitishia hewa. "Utoboe vumbi liingie?" meneja akajibu, akatia ufunguo mfukoni.

Tangu saa nane joto lilikuwa likipanda nyuzi moja kila dakika tatu. Kutoka sabini na sita hadi kikomo zilikuwa dakika ishirini na saba. Nikaenda ofisini kwake.

"Bosi, fungua kabati. Hewa ya moto haina pa kutokea."

"Umeanza. Jana hukuwa na neno."

"Jana hapakuwa na kabati. Sitagusa kitu, nitasimama hata getini. Wewe fungua tu."

"Nikifungua kwa kuwa umesema, si ni sawa na kuigusa wewe? Kama mwanafunzi wako ameiva, atajua la kufanya." Akainua simu.

Niliporudi, skrini ilisoma themanini na moja.

Nilimfundisha hivi: joto likivuka themanini na bado linapanda, usingoje kikomo, simamisha. Ni kanuni sahihi. Lakini akisimamisha, nafasi yangu ya chuoni imekwisha. Niliwahi pia kuona prosesa ya aina hiyo ikivumilia tisini kwa siku mbili kabla ya kufa, na mimi nilihitaji siku moja na nusu. Kumtikisia kichwa asizime kungetosha. Nikatia mikono mifukoni nikaangalia sakafu.

Ilipofika themanini na mbili nikasikia kisu cha mashine kikiinuka. Wifi alihifadhi kazi, akazima kompyuta kwa utaratibu kutoka kwenye kibodi. Hakunitazama hata mara moja.

Meneja alifika mbio akaingia chumbani, nami nikamfuata, washonaji wawili nyuma yetu.

"Nani ameruhusu?"

"Mimi," wifi akasema. "Ingeungua."

"Ingeungua! Miaka kumi na tisa haijaungua, iungue leo kwako?" Akafungua daftari la mashine, akanipa kalamu. Sauti yake ikawa ya upole. "Sikiliza. Mashine haikusimama yenyewe, imesimamishwa. Andika 'kosa la mwendeshaji'. Yeye anarudi kwenye cherehani, natafuta mwingine, na barua yako nasaini sasa hivi."

Wifi alinisogelea. "Andika," alinong'ona. "Cherehani nimeizoea, haitaniua. Nenda zako, wifi."

Nikaandika saa. Nikaandika nyuzi themanini na mbili. Nikaandika kwamba kabati halina pa kupitishia hewa, na kwamba mwendeshaji amezima kwa wakati unaostahili. Nikatia saini.

Meneja alisoma mara mbili. Akaitoa mfukoni barua ya uhamisho, akaichana, si kwa hasira, kama mtu anayechana risiti ya zamani. "Haya. Kesho tunaanza siku ya kwanza," akasema, akaweka ufunguo mezani na kuondoka.

Nilifungua kabati. Joto lilinipiga usoni.

"Na chuo?" wifi akauliza.

"Watamchukua mwingine."

"Ungeandika nilivyokwambia."

"Ulichofanya hakikuwa kosa."

"Najua hakikuwa kosa!" Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Nani alikuuliza kama ni kosa?"

Nikachukua bisibisi, nikaanza kufungua skrubu za kabati, upande wa nyuma kwanza.