Vigingi Juu ya Chemchemi

Walburga alipokuta vigingi vinne vyekundu katikati ya shamba lake, hakuuliza ni vya nani. Lusekelo, afisa mazingira aliyehamia Litembo kutoka Mbeya, alikuwa akizungukazunguka mlimani wiki nzima. Walburga aliving'oa vyote, akavitupa kichakani, akakaa kumsubiri.

"Shikamoo, mama," Lusekelo alisema alipofika.

"Marahaba. Shamba langu umemuuzia nani?"

"Sijamuuzia mtu. Sheria inakataza kulima ndani ya mita sitini kutoka kwenye chemchemi. Maji yanapungua, mama. Na haya mashimo yako yanamomonyoa udongo."

Maji yalikuwa yamepungua kweli. Siku hizi mtu aliweza kusali rozari nzima ndoo haijajaa. Lakini Walburga alizijua habari za namna hii: leo kigingi, kesho uzio, keshokutwa mwekezaji.

"Mashimo?" aliuliza. "Hizo ni ngolo, zinashika udongo. Njoo."

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Alimshusha hadi mwisho wa shamba, ambako maji yaliyopitia ngolo, shimo kwa shimo, yalichuruzika meupe. Hatua chache pembeni, chini ya mikaratusi, yalishuka mekundu yakibeba udongo. Lusekelo alichuchumaa, akatia mkono huku na huku, kisha akainua macho.

"Mikaratusi hii inakunywa chemchemi yote," alisema. "Nani aliipanda?"

Walburga alitazama pembeni. Angeweza kusema hajui. Mumewe, marehemu Mansuetus, ndiye aliyechimba, na miche aliibeba Walburga mwenyewe kichwani.

"Sisi," alisema. "Vigingi vyako kavipige humo."

Kwenye mkutano wa kijiji walikubaliana: mikaratusi ikatwe, safu tatu za ngolo zilizo karibu na maji ziachwe zipandwe miti ya asili, na Lusekelo aiandikie wilaya kuomba zilizobaki ziendelee kulimwa. Watu walipiga makofi. Walburga hakupiga.

"Soma ulichoandika," alisema.

Lusekelo akasoma.

"Sasa mpe mwalimu Tadea naye asome."

Mwalimu Tadea akasoma. Maneno yalikuwa yale yale. Hapo ndipo Walburga aliposaini.

Mikaratusi ilianguka wiki ile ile, na jibu la wilaya lilikuwa bado. Lusekelo alirudi kupima safu tatu. Alipofungua futikamba, alitafuta mtu wa kumshikia ncha ya pili. Walburga aliichukua mwenyewe, akaivuta mpaka ikakaza.

"Soma kwa sauti," alimwambia.