Nyongeza ya Milimani

Kasha lilikuwa zito, na uzito ule ndio uliotudanganya. Kaka yangu alilipakata njia nzima kutoka dukani kama mtu anayemtoa mjukuu hospitali, na kila gari lilipoingia shimoni alilikumbatia. Lilikuwa kasha la bati, nene kama kamusi, na juu yake palichorwa daraja la mawe lililosimama kwa miguu mirefu juu ya mawingu, na treni ndogo nyekundu ikivuka.

Tulilifungua mezani kwake, shemeji akiwa nyuma yetu na kitambaa cha vyombo begani. Ndani tulikuta ramani ya kitambaa, beji ya shaba ya kubandika kofiani, kitabu cha picha, na kijikaratasi kigumu, kidogo kama tiketi ya basi, chenye mchanganyiko wa herufi na tarakimu. Kaka akalipindua kasha, akaligonga kitako. Hakikudondoka kitu.

"Sidii iko wapi?" akauliza.

"Labda ina aibu," shemeji akasema. "Iiteni kwa upole."

Kaka hakucheka. Ili mtu auelewe uso wake wakati ule, inabidi aijue reli yetu.

Reli yetu ilikuwa na vipande viwili. Kipande cha tambarare kilitoka mjini hadi stesheni iliyo chini ya milima. Kuanzia pale kilikuwa kipande cha milimani, chenye madereva wake, karakana yake na majivuno yake. Kanuni haikuwa na utani: dereva haendeshi njia asiyoijua. Treni ikifika chini ya mlima, dereva wa tambarare anashuka, wa milimani anakuja, wanasimama ana kwa ana kando ya injini. Anayeshuka anataja hali ya treni: breki, mabehewa, mafuta, kasoro kama ipo. Anayepanda anarudia yote, neno kwa neno, kisha anasema, "Nimepokea." Kabla ya neno hilo hakuna anayegusa kitu, hata abiria watukane vipi.

Kaka yangu alikabidhi treni pale maisha yake yote ya kazi. Alianza kukabidhi ndevu hazijamwota vizuri, akaja kukabidhi ndevu nyeupe. Wale wa milimani walishuka na makoti yenye unyevu, na katika macho yao mlikuwa na kitu kama cha watu waliotoka kusikiliza muziki. Aliwauliza kuna nini huko. Mmoja wao, tuliyemwita Kipara, alikuwa akijaribu kueleza: mikono inapanda, inatanuka, mwisho anaiacha ianguke. "Ukitoka tu kwenye handaki," alisema, "aah. We acha."

Kaka aliomba kuhamishiwa milimani. Akaomba tena. Akajibiwa kwamba tambarare inamhitaji. Nikamshauri apande kama abiria, maana wafanyakazi walisafiri bure. Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama yetu.

"Nikae nyuma kama gunia? Huko nitaingia mkono ukiwa kwenye breki, au siingii."

Ndivyo alivyo. Kisha mwaka mmoja mvua ziliushusha mlima juu ya reli, wakubwa wakakuna vichwa, wakaona haifai kutengeneza. Vyuma vikang'olewa. Mdomo wa handaki ukazibwa kwa zege. Aliyekuwa hajaona, hakuona.

Mimi reli niliijua kwa kumpelekea chakula tu. Nilianza kazi nikifua mashuka ya hospitali. Nikasoma shule ya jioni, nikapanda hadi kuwa mtunza stoo, na nilipostaafu nilijinunulia kompyuta pamoja na kitabu cha kunifundisha kuitumia, nikakisoma jalada hadi jalada. Sioni sababu ya kuficha kwamba najivunia. Kaka ananiita Profesa, na hajawahi kulitamka neno hilo bila mdomo wake kwenda upande.

Ni mimi niliyemletea mchezo wa treni, na kompyuta ya kuuchezea. Wakati ule ulikuwa kwenye sidii: unaitia, inakoroma kidogo, unaendesha. Kila alasiri alivaa kofia yake ya kazi, akapeleka mabehewa kwenye nchi ambazo wala hakujua zinakula nini. Shemeji alikuwa akimpitia na chai na kumwuliza kama leo atarudi au atalala safarini.

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Daktari wa macho hakuzunguka: kilichopo kitapungua, hakitaongezeka, na maandishi madogo ndiyo yatakayotangulia kwenda. Ilikuwa baada ya habari hiyo, nikiwa dukani natafuta kipanya, ndipo nilipoliona kasha la bati. Ilikuwa nyongeza ya mchezo ule ule, njia mpya ya kuunganisha na zile za zamani. Nikaligeuza. Nyuma palikuwa na picha ya stesheni iliyo chini ya mlima, na tangi la maji lililoinama upande. Watu wa mbali, ambao hata majina yao siwezi kuyatamka, walikuwa wameijenga reli yetu kutoka kwenye ramani na picha za zamani. Tambarare na milima, yote.

Kesho yake nilikwenda naye. Aliweka kidole juu ya lile tangi na hakukiondoa.

"Hii iko ndani ya kompyuta?"

"Iko, kaka."

"Na handaki?"

"Na handaki."

Sasa tulikuwa na bati na beji. Tukarudi dukani siku hiyo hiyo.

"Shikamooni, wazee," akasema binti wa dukani.

"Marahaba, mwanangu. Umetuuzia kasha tupu," kaka akasema.

"Si tupu, babu. Gemu iko kwenye intaneti. Hiyo karatasi ndiyo gemu."

"Karatasi ndiyo gemu," kaka akarudia polepole. "Na bati?"

"Bati ni toleo la dukani. La kupendezesha."

"Basi tungenunua sufuria," kaka akasema. "Nayo inapendeza, na inapika."

Binti alicheka hadi akashika kaunta, lakini alitueleza vizuri. Ilibidi tuweke kwanza programu ya duka la mtandaoni, ambayo wenyewe wanaiita jukwaa. Bila jukwaa hakuna mchezo. Jukwaa linataka akaunti, akaunti inataka barua pepe, barua pepe inataka neno la siri, na neno la siri linataka herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama ambayo hakuna mtu duniani anayeiandika kwa hiari yake. Haya yote niliyamudu. Nilijiona kijana.

Kikwazo kilikuja pale lilipotokea tangazo la mkataba, lenye kitufe cha "Nakubali". Nikapeleka mkono.

"Ngoja," kaka akasema. "Unakubali nini?"

"Masharti. Kila mtu anabonyeza tu."

"Sisi hatukuwahi kutia sahihi kanuni tusiyoisoma. Watu wanakufa, Profesa. Soma."

Nikasoma. Nilisoma kwa Kiingereza na kumfasiria kwa Kiswahili, kamusi ikiwa mapajani, na yeye akisimamisha kila kifungu kuuliza maana yake, na mara nyingine maana ya maana yake. Chai ilipoa, ikapashwa moto, ikapoa. Jua lilihama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Tulipofika mwisho aliitika kwa kichwa, kwa heshima kabisa, nami nikabonyeza. Skrini ikatujibu kwamba tumekaa mno bila kugusa kitu, hivyo tuanze upya.

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. "Wamewachoka," alisema, "na bado hata hamjaonana!"

Mara ya pili kaka alitaka kwanza hakikisho kwamba hakuna neno lililobadilishwa wakati ule. Nilimwapia.

Tukaingia. Nikaandika zile herufi za karatasi. Jukwaa likatuambia kwamba nyongeza tunayo, ila mchezo wenyewe hatuna. Nikashika sidii yetu mkononi, nikaiinua mbele ya skrini, kama mpumbavu, nikiionyesha. Nilipoipigia simu huduma kwa wateja, sauti ya kistaarabu ilisema kwamba jukwaa halitambui matoleo ya sidii, na kwamba tunashauriwa kuununua mchezo tena, humo humo ndani.

"Yaani niliyokuwa naendesha miaka hii ni nini?" kaka akauliza.

Nilinunua. Kisha kukawa na kupakua. Mstari wa buluu ulitambaa kama konokono anayepanda ukuta, na siku intaneti ilipokuwa dhaifu haukutambaa kabisa. Kaka alikaa mbele yake akiulinda. Asubuhi moja nilimkuta ameziba jicho moja kwa kiganja, anaangalia dirisha, halafu anaziba la pili. Aliponiona alishusha mkono na kuniuliza kama mstari umesogea. Kuanzia pale niliwalaani watu wale wa mbali kwa kila lugha niliyojifunza.

Ulimalizika Jumapili mchana. Kaka alioga, akavaa shati la mikono mirefu, akavaa kofia. Nikafungua jukwaa, nalo likawauliza wenye mchezo, kwa intaneti, kama turuhusiwe, kama linavyofanya kila mara, na wenyewe wakakubali.

Aliondoa treni mjini taratibu hata sikusikia ilipoanza. Nikayaona mashamba niliyoyajua, kalvati moja baada ya jingine, nyumba za wafanyakazi zenye mabati mekundu. Kaka alikuwa akipunguza mwendo kabla kona haijaonekana. Kwa jinsi alivyoketi, hakuwa na umri.

Milima ikainuka. Stesheni ya chini ikaja na tangi lake lililoinama, kaka akasimamisha treni mahali pake hasa, injini ikiwa sambamba na bomba la maji. Akafunga breki, akainuka kitini, akasimama kando.

Nikadhani anajinyoosha. Taa mbele yetu ilikuwa kijani.

"Kaka, njia iko wazi."

Alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, akitazama mahali patupu kati ya meza na kabati. Nikafungua mdomo kumweleza kwamba huu ni mchezo, kwamba hakuna atakayekuja, na kwa bahati nikaufunga. Uso wake ulikuwa wa mtu mwenye akili timamu kabisa. Miguu yake tu ndiyo iliyokuwa haijui kupita pale. Ningeweza kumsukuma, angekaa, angeendesha, na angekuwa ameiba treni.

Shemeji alitoka jikoni kuona kimya kimeingiaje. Akatazama skrini, akamtazama mumewe. Akafuta mikono, akaja kusimama pale pale patupu, ana kwa ana naye.

"Haya," akasema. "Sema."

Kaka akanyoosha kofia. "Breki nzima. Mabehewa yote yamefungwa. Mafuta yanatosha kupanda na kushuka. Kasoro hakuna."

"Breki nzima," akasema shemeji. "Mabehewa yote yamefungwa. Mafuta yanatosha kupanda na kushuka. Kasoro hakuna. Nimepokea." Akavuta pumzi. "Ila mimi sijui kuendesha, baba. Nakukabidhi wewe. Kaa."

Kaka akarudia na yeye, kila neno. "Nimepokea," akasema. Akakaa.

Treni ikapanda. Iliuzunguka mlima, ikajizunguka yenyewe, hadi tukayaona mapaa ya stesheni chini yetu kama vifuniko vya chupa. Miti ikageuka, ukungu ukaingia, kisha handaki likatumeza. Giza lilikuwa na mwanga mmoja tu, wa taa yetu, ukipapasa mawe, na mlio wa magurudumu ulibadilika ukawa kama wa mtu anayehema karibu na sikio lako. Nikagundua sihemi mimi.

Halafu nchi ikaondoka.

Sijui niseme vipi, na maneno ninayo mengi. Reli ilitoka ubavuni mwa mwamba na moja kwa moja ikawa juu ya daraja, na chini ya daraja hapakuwa na kitu. Palikuwa na mawingu, yakipita polepole kwenda mahali yanakojua yenyewe. Yalipopasuka, tuliona ziwa ndani ya bakuli la vilima, maji yake yana rangi ambayo kamusi yangu haina. Ndege walikuwa wanaruka, nao walikuwa chini yetu. Katika umri wangu wote sikuwahi kumwona mgongo ndege anayeruka.

Nikawafikiria wale watu wa mbali. Mmoja wao alikaa mahali fulani, hajawahi kukanyaga kwetu, akaitazama picha iliyochakaa na kuliweka kila jiwe la daraja lile mahali pake, kisha akawakumbuka hata ndege. Na hao hao, au jirani zao, ndio waliotuuzia bati tupu. Sikuweza kuyaweka mambo hayo mawili katika kichwa kimoja. Bado siwezi.

"Kumbe kulikuwa na haya yote," shemeji akasema kwa sauti ndogo, "na mimi nilikuwa nafungasha chakula cha kuishia pale chini."

Kaka alikuwa ameondoa mikono. Treni ilijiendea yenyewe, ikipungua mwendo, hadi katikati ya daraja. Pale ikakwama. Mawingu yakakwama. Ndege nao wakakwama, mabawa yamekunjuliwa. Intaneti ilikuwa imekatika, na kijisanduku kidogo kikajitokeza pembeni mwa skrini na kitufe kimoja.

"Kinasema nini?" kaka akauliza.

Nilikisoma mara mbili. "Wanasema wameshindwa kuhakikisha kama ni yetu. Wanataka tufunge."

Kaka alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Akasogeza kiti hadi magoti yake yakagusa meza, na uso wake ukawa karibu na ziwa lile kiasi kwamba rangi yake ilimwangukia mashavuni.

"Usibonyeze," akasema. "Tutazame kabla mwenyewe hajaja."